Unyayo Ulipoishia

Kwetu ng'ombe akiibwa, watu wanafuata unyayo. Wenye mali wanatembea nyuma ya alama za kwato mpaka zinapoingia kijiji kingine, hapo wanakabidhi: haya, unyayo uko kwenu, endeleeni nao. Kijiji kikishindwa kuonyesha ulipotoka kwenda kwingine, basi hicho ndicho kimeiba. Nimekua na utaratibu huo, sikuwahi kuuona ubaya wake mpaka ulipomchukua kaka yangu.

Kijiji chetu, upande wa Butiama, kimekaa kwenye mawe. Unyayo ukifika pale unapotea, na barabara ya malori iko palepale. Ng'ombe waliibwa kwa jirani zetu, watu wa kabila lingine, na unyayo ukaishia karibu na boma la kaka. Polisi wakamchukua. Kosa lake ni kujenga pale, na kuwa mtu wa kabila letu.

Mimi nauza dagaa mjini, soko la Mwigobero. Mwenzangu wa meza ya pili, mama tunayeachiana biashara mmoja akienda kuzika, alinipa pole, kisha akaongeza taratibu, "Lakini na nyie, shoga, watu wenu si ndivyo wanavyokuwaga." Nilimwambia afunge mdomo kabla sijamfunga mimi. Nikiumia sina maneno mazuri.

Binti yangu anasoma sosholojia chuoni. Tulipompelekea mjomba wake chakula mahabusu, tulikaa kwenye benchi nje ya kituo, akaanza: mama, huu wizi siyo wa damu. Ardhi yetu hailimiki, vijana hawana kazi, wanunuzi wa ng'ombe wa wizi wanapita mlangoni kwetu. Na polisi wakifanya doria wanaanzia kwetu kwa sababu wameshazoea kuanzia kwetu, sasa watamkamata nani mwingine?

Nikamwambia nyamaza, mwanangu, namtaka kaka yangu, sitaki somo. Lakini nilimsikia. Wezi kwetu wapo, sitadanganya. Kwa jirani zetu nao wapo, ila wao wakiiba wanatajwa kwa majina yao. Wetu wakiiba, linatajwa kabila.

Ng'ombe walikamatwa Bunda, ndani ya lori. Aliyewauza alikuwa ndugu wa tumbo moja na mwenye ng'ombe. Kaka akafunguliwa. Askari alimrudishia mkanda wake, akasema kwa upole kabisa, "Haya mzee, safari hii hukuiba."

Safari hii! Niligeuka nimjibu, kaka akanishika mkono, tukatoka.

Nilimsindikiza mpaka kijijini. Miguu ilikuwa imemvimba, nikamchemshia maji ya chumvi, akaitumbukiza kwenye beseni akafumba macho. Nilimwangalia nikamshukuru Mungu. Jua lilikuwa bado liko juu yowe lilipopigwa ng'ambo ya korongo: ng'ombe wameibwa tena. Kwetu yowe likilia kila mwanaume anakimbia. Anayebaki nyumbani, watu wanasema anajua ng'ombe walipo.

Kaka akatoa miguu kwenye maji.

"Kaka, kaa," nikamwambia. "Wewe mgonjwa, na kila mtu hapa anajua umetoka wapi leo."

"Ndiyo maana," akasema.

Akachukua fimbo, akakimbia peku akichechemea juu ya mawe, akipiga kelele kwa nguvu zake zote ili majirani wasikie kwamba na yeye yupo.