Jani la Isale la Frederick

Frederick wa Akheri, kule Meru, alikuwa na kazi nzuri ya kuchora ramani za nyumba kwa kompyuta, ila pa kukalia hakuwa napo. Sebuleni watoto wanampanda mgongoni, jikoni moshi. Akaamua kujijengea ofisi bustanini, nyuma ya migomba, kwa bei ya kutupa. Na aliweza, jamani! Mbao za mapaleti alizitoa Tengeru, dirisha la mtumba, na mlango wa zamani wa mninga akaulaza juu ya matofali ukawa meza.

Kasheshe ikawa meza. Haikuenea; chumba kilipungukiwa hatua mbili, na hatua hizo zilikuwa ng'ambo ya masale, mimea ya mpakani aliyoipanda marehemu baba yake pamoja na marehemu mume wa jirani, Mama Mikaeli. Angeukata mlango, yangekwisha. Akauonea huruma mninga! Mmeru gani asiyejua kwamba isale la mpaka haling'olewi? Jumapili, Mama Mikaeli akiwa kanisani, akayang'oa yote, akayachoma, akausogeza ukuta.

Mama Mikaeli aliporudi aliyakuta majivu. Kesho yake akaja na mkungu wa ndizi.

"Hongera kwa ofisi, mwanangu. Baba yako angefurahi."

Loo! Bora angemtukana. Frederick aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto. Siku nne alikaa ofisini asichore hata mstari, dirisha likimwonyesha majivu.

"Nenda kamwombe radhi," mkewe, Lucky, akamwambia. "Na usiende mikono mitupu."

Kwao radhi huombwa kwa jani la isale lililofungwa fundo, ukilileta, hukataliwi. Akapita nyumba tatu kuliomba, akashindwa kufungua kinywa, maana wangemuuliza amemkosea nani. Mwisho akabisha hodi kwa Mama Mikaeli.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona mikono mitupu?"

"Nimekuja kuomba radhi, mama. Jani sina. Niliyachoma."

Mama alimtazama weee. Kisha akachukua kisu, akaenda taratibu hadi kaburini kwa mumewe, akakata jani la isale lililoota pale, akampa.

"Fundo funga mwenyewe," akasema.

Akafunga. Fundo likafunguka mara mbili, na mama amesimama tu, anangoja. La tatu likashika. Akampa kwa mikono miwili, macho chini, akalia mbele yake kama mtoto.

Jioni hiyo aliukata ule mlango wa mninga, akaurudisha ukuta upande wake wa mpaka.