Mashine Niliyomtolea Mungu ili Nimkomoe Idi

Nikisema shetani alinipitia nitakuwa namsingizia bure, maana aibu hii niliipika mwenyewe, mchana kweupe, uwanja wa kanisa, nikiwa nimevaa suti. Chekeni tu. Mke wangu, Mama Furaha, mpaka leo akitaka kunishinda kwenye mabishano ananiuliza tu, "Baba Furaha, vipi samaki?" na mabishano yanaishia hapo.

Ilikuwa ile miaka ya soko huria, Makambako imejaa vitu vya nje kuanzia stendi mpaka relini, na mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kufungua kibanda cha gemu mjini. Mashine moja ya kaseti, tivii moja, mabenchi mawili. Mashine yenyewe ilikuwa kuukuu, ukichomeka kaseti haiwaki mpaka uichomoe na kuipuliza kwa chini, na si kupuliza ovyo, kuna namna yake, pumzi fupi mbili halafu ndefu moja (nilijiona fundi kwelikweli), lakini ilitulisha, ilimnunulia Furaha sare za shule, na nikipita barabarani naitwa Mzee wa Gemu, nami napunga mkono kama diwani.

Halafu akaja Idi. Watu wake walitoka Kondoa wakafungua duka la vipuri kwetu, naye alikuwa kijana mpole, salamu nyingi, hana neno na mtu. Akafungua kibanda mkabala na changu, akaweka mashine ya diski. Jamani! Wachezaji mpaka nyusi unaziona, mpira ukigonga mwamba unausikia! Wiki haikuisha, kwangu tukabaki mimi na paka, na nikichungulia kwa Idi namwona hadi mwinjilisti wetu ameshika pedi ya kuchezea, anapiga kelele za kudai penalti. Siwafichi, wivu ulinishika mpaka nikawa nawahesabu wateja wake. Na mlango wake ulikuwa umeandikwa kwa rangi nyekundu, herufi kubwakubwa: MWENYE WIVU AJINYONGE. Nikajua hapo nimeandikiwa mimi, maana nani mwingine?

Basi nikaanza kutabiri. "Hao wanaotengeneza mashine za Idi hawafiki mbali," nikawa nawaambia watu pale gengeni, mimi ambaye mwisho wa safari zangu ni Mbeya kumwuguza shemeji. "Kuna kampuni kubwa zaidi, inakuja kuwazika wote." Habari hizo nilipewa na binamu yangu Eliudi wa Dar es Salaam, ambaye alikuwa na mashine ya kampuni hiyo, anaiuza bei ya kutupwa, na sikujiuliza hata mara moja, kitu cha kuwazika wote kinatupwaje? Nikauza viazi vyote vya shamba letu la Ilembula, nikamtumia hela.

"Hata vya mbegu, Baba Furaha?" mke wangu akaniuliza. "Mvua zikija tutapanda nini?"

"Tutapanda diski," nikamjibu. Hakucheka.

Ningeishia hapo ingekuwa hasara ya nyumbani tu. Lakini ikafika sikukuu ya mavuno. Kwetu Walutheri siku hiyo kila mtu analeta alichojaliwa, kuku, mahindi, kabichi, halafu baada ya ibada vinapigwa mnada nje, na wanaokuja kununua si waumini tu, hata Waislamu wa mjini wanakuja kuwinda majogoo. Mimi viazi sina tena, na ile mashine mpya iko njiani, nikaamua zao langu ni gemu. Nikaitia mashine ya kaseti kwenye kapu pamoja na kaseti zake zote, nikaiweka mbele ya madhabahu katikati ya maboga. Sasa kule nje mnadani nikamwona Idi, amekuja kutafuta jogoo, damu ikanichemka, nikaomba kusema neno.

"Ndugu zangu, chombo hiki kimepitwa na wakati! Jumanne njooni kwangu mshuhudie mwisho wa mashine za watu fulani!"

Mama Furaha akanivuta koti. "Kwa hiyo Mungu umempa kilichopitwa na wakati?"

Mzee wa kanisa akainua kapu, akaita bei, akaita tena, hakuna mnunuzi. Idi peke yake akanyoosha mkono, akauziwa. Akanifuata na tabasamu lake, akanisalimu kwa lugha ya kwetu. "Kamwene, kaka. Nielekeze basi namna ya kuiwasha."

"Utajua mwenyewe," nikamwambia, moyoni nikacheka kwamba kanunua jeneza.

Jumanne kibanda kikafurika, wengine madirishani, mwinjilisti yuko mbele kabisa. Nikafungua boksi kwa madaha, mashine inang'aa, ikawaka bila kupulizwa, watu wakashangilia, "Weka mpira!" Diski ilikuwa moja tu. Nikaiweka. Yakatokea maandishi ya Kijapani, likatokea ziwa, boti na ndoano. Nikabonyeza pedi, ndoano ikazama. Tukangoja. Makambako, upepo ule unaotoboa makoti, watu wazima wamesimama wanangoja samaki!

"Mzee wa Gemu," mwinjilisti akasema, "hawa samaki wamefunga?"

"Diski za mpira zinakuja," nikasema, jasho linanitoka.

Idi alikuwa nyuma mlangoni. Wala hakunikejeli, alisema taratibu, na hilo ndilo lililoniua. "Kaka, hazitakuja. Mashine hiyo niliiulizia kabla sijanunua yangu. Kampuni yake imeacha kutengeneza mashine, sasa inatengeneza gemu za kuchezea kwenye mashine za wenzake. Gemu zake mbili ninazo kwangu."

Kibanda kililipuka kwa vicheko, wakahamia kwa Idi wote, na paka akawafuata.

Mvua za kwanza zikaanza na mbegu hatuna. Wiki hiyo Idi akavuka barabara kuja kwangu. "Kaka, ile mashine yako haiwaki, tumepuliza mpaka kizunguzungu. Na watu wanaitaka, kwa sababu bei ya kuichezea ni nafuu. Njoo tufanye kazi pamoja." Nikamfuata nimeinamisha kichwa, lakini pale mlangoni nikashindwa kujizuia, nikamwuliza kwa nini aliniandikia yale maneno.

"Mlango huu?" Akashangaa. "Niliununua mtumba kwa mama lishe mmoja, ukiwa umeandikwa hivyohivyo. Sijapata tu rangi ya kuyafuta."

Jamani, miezi yote ile nanuniana na mlango wa mama lishe.

Nikakaa, nikachomoa kaseti, pumzi fupi mbili, ndefu moja, ikawaka. Siku hiyohiyo niliapa: kampuni ya mtu siitabirii tena, mbegu siuzi, na sadaka nitatoa kimya. Saa saba Mama Furaha akatuletea chakula mimi na bosi wangu Idi, akaweka sufuria mbele yangu. Nikafunua. Samaki.