Jalada la Msichana wa Sapiwi

Msimu ule wanunuzi binafsi wa pamba waliruhusiwa kuingia Bariadi, na malori yao yalipopita nje ya mahakama, nyuzi nyeupe zilipeperuka hadi ndani ya masijala yangu. Zilielea juu ya meza polepole, hazina haraka ya kutua. Hata leo nikikumbuka mambo yale nayaona kupitia weupe ule, kama vile nilikuwa nimesinzia muda wote. Laiti ningekuwa nimesinzia kweli.

Nilikuwa karani wa masijala, na niliringia majalada ya watoto walioshtakiwa kuliko kitu chochote. Karani aliyenitangulia aliyafunga kwa kitambaa chekundu, akanikabidhi ufunguo wa kabati na onyo moja: haya hayasomwi ovyo, hata na wewe. Nikalishika onyo lile kuliko sala. Ndugu, majirani, hata askari waliokuja kuchungulia, niliwatimua wote. Mdomo ninao, na siku hizo nilikuwa nautumia.

Ndipo ikaja kesi ya mwanamke mmoja wa kijiji cha Sapiwi. Alikuwa ameachana na mumewe, wakala wa wale wanunuzi wapya, na walikuwa wakigombea binti yao wa miaka miwili. Ndugu wa mume walikaa barazani wakitamba kwamba ng'ombe wa mahari walitolewa wote, kwa hiyo mtoto ni wao. Tena wakaongeza kwamba mama mwenyewe, utotoni, alichoma nyumba ya shangazi yake akaletwa hapa hapa mahakamani. Walisema kwa sauti makusudi, asikie. Yeye alikaa pembeni na mtoto mgongoni, anatazama vumbi tu. Nilimhurumia.

Siku ya kesi, mhudumu akaniletea kikaratasi cha hakimu: leta jalada la utotoni la huyu mama, nilisome kwanza mwenyewe chemba, ofisini kwangu. Sikuuliza ni nani aliyeliomba. Ya nini kuuliza, na wale pale nje wanachekelea? Nikalitoa kabatini, nikalifukia chini ya magazeti ya zamani, nikaenda kwa hakimu na uso mkavu, nikamwambia limeliwa na mchwa. Akaamini, mchwa wa Bariadi aliwajua. Alipotangaza mbele ya watu, yule mama alijifunika kanga usoni akalia. Mimi, mjinga wa mwisho, nikadhani analia kwa ahueni.

Wiki iliyofuata mtoto akapewa baba yake. Hakimu alisema hakupata chochote cha kumtoa wasiwasi juu ya ule moto. Mchana huo huo mama akaja dirishani kwangu. Hakugomba. Aliuliza tu kama mchwa huwa wanabakiza hata ukurasa mmoja.

"Mayu," aliniita, kama tunavyowaita mama zetu, "ni mimi niliyeomba lifunguliwe. Mle ndani imeandikwa kwamba sikuchoma."

Alipoondoka nikalifukua, nikalisoma kwa mara ya kwanza. Afisa ustawi wa jamii alikuwa ameandika kwa mwandiko mzuri, bila papara: moto ulianzia jikoni kwa shangazi, msichana aliingia ndani akamtoa kichanga, mahakama imwachie. Nikaenda kwa hakimu nikakiri, nikafukuzwa kazi, na haki yangu ilikuwa hiyo. Jalada likapelekwa Mahakama Kuu pamoja na rufaa, na rufaa ikatembea mwendo wake wenyewe.

Ikatembea miaka miwili, mama hamwoni mtoto. Amri ya kumrudisha mtoto ilipofika, yule mama aliniomba nimsindikize mahakamani. Mpaka leo sijui alipata wapi moyo wa kunisamehe. Baba alimleta binti akiwa na gauni jipya, amerefuka, ananyonya kidole. Tulikuwa tumesimama mimi na mama yake bega kwa bega, wanawake wawili wenye kanga. Hakimu akainama, akamwambia kwa upole aende kwa mama yake.

Mtoto akamtazama mmoja wetu, akamtazama mwingine. Kisha akaja kwangu, akanishika mkono.