Mwalimu Aliyepanda Nyuma Yangu

Usiponiamini, njoo mtaani Tassia uwaulize akina mama wa sokoni kwa nini hawapandi pikipiki yangu. Watakuonyesha mimi ni yupi, lakini hakuna atakayekusindikiza hadi nilipo. Ningekuwa mtu wa kutunga hadithi, ningetunga yenye faida.

Kiwanda kilipotuachisha kazi, niliamua kuwa mwendesha boda. Sikuwa nimewahi kuendesha hata baiskeli, na binti yangu Makena hana mwingine wa kumlisha ila mimi. Nikaenda kwa muuzaji wa pikipiki kuukuu kando ya uwanja wa vumbi. Mwanagenzi huchagua kwa macho, basi nikaiparamia ile kubwa nyekundu. Miguu ikaning'inia.

Muuzaji akacheka. "Siste, shuka. Chukua hii ndogo, ukanyage chini na miguu yote. Izungushe hapo kwa field kwanza."

Ulikuwa mchana kweupe, jua la utosi. Ile ndogo ikanizimikia mara ya kwanza, ikanizimikia tena. Ndipo mwanamume mmoja aliyevaa kizibao cha riflekta kilichofifia, akikohoa kikohozi kikavu, akapanda nyuma bila kuniuliza.

"Achilia klachi polepole, mama. Usiangalie gurudumu, angalia unakoenda."

Nikatii, na tukaenda! Furaha niliyoisikia siwezi kuieleza. Tulipofika kona, hofu ikanivaa, nikapiga kelele: "Usiniache! Tafadhali usiniache!"

"Sikuachi," akasema, akaniweka mikono mabegani. Niamini, pamoja na jua lote lile, mikono hiyo ilikuwa baridi.

Niliporudi kwa muuzaji, nyuma hakukuwa na mtu. Nikamuuliza mwalimu wake ameenda wapi.

"Mwalimu gani? Nimekucheki tangu uanze. Ulikuwa solo, unaongea tu."

Nikamweleza kile kikohozi. Kicheko kikamkauka. "Huyo ndiye alikuwa mwenye hii ndogo. Alifunza wengi hapo. Tulimzika."

Wewe ungeinunua? Hata mimi sikuinunua. Nilinunua nyingine, mpya kabisa, nikidhani nimemkwepa.

Abiria wangu wa kwanza alikuwa mama aliyekuwa akielekea mtaa wa Mukuru kwa Njenga. Hatukufika mbali. "Kwani umebeba mshikaki?" akafoka. "Tuko wawili huku nyuma? Ambia huyu wa katikati asonge!"

Wa katikati yupi? Nilikuwa nimembeba yeye peke yake. Alishuka akaenda kwa miguu. Akashuka mwingine, na mwingine, hadi habari zikaenea.

Nikaamua kuiuza. Mnunuzi akaijaribu, ikaenda nyepesi, akarudi anatabasamu. Nikapanda mimi ili niisogeze, ikadidimia nyuma, nikasikia kikohozi shingoni. Hapo nikajua tatizo si pikipiki. Ni mimi niliyemwomba.

Siku hizi nabeba mitungi ya gesi kwa pikipiki hiyo hiyo, maana mitungi hailalamiki. Chakula kinapatikana kwa shida. Shule ni mbali, na kila asubuhi Makena analia nimpeleke, anataka kunishika kiunoni kama watoto wengine. Simpandishi. Najua kiuno atakachokishika si changu, na jambo hilo linaninyima usingizi.

Basi wewe unayechagua pikipiki ya kwanza, usihangaike na rangi. Hakikisha miguu yote miwili inakanyaga chini. Na hofu ikikushika, lia, anguka, vunjika hata mguu, lakini usimwombe mtu usiyemjua asikuache. Wako wasiojua kuvunja ahadi.