Siku Niliyoshinda Mchezo wa Bei

Juzi jirani yangu hapa Likoni alikuwa akitazama kwenye simu kipindi cha zamani cha mashindano ya runinga, sauti kaifungulia hadi mwisho. Nikaisikia ile kengele ya mshindi, na papo hapo pua yangu ikajaa harufu ya nguo zinazopigwa pasi na kahawa ya iliki. Nikarudi Al-Naseem, Riyadh, nina miaka minane.

Mnivumilie, maana habari hii hainipambi.

Baba alikuwa dereva wa familia moja pale, Mama mfanyakazi wa ndani, na kwa hisani ya bosi tuliishi sote watatu kwenye chumba cha uani. Kila alasiri niliruhusiwa kuketi kwenye zulia la sebuleni na Nuf, binti wa nyumba, tutazame kipindi chetu. Pazia linafunguka, inatokea friji au seti ya masufuria, washindani wanakisia bei. Anayekaribia zaidi bila kuipita anaondoka nayo. Nyuma yetu Mama alikuwa akipiga pasi kanzu za bosi.

Jamani, nilikuwa hatari! Kila Alhamisi nilifuatana na Baba dukani, nikisukuma kigari na kusoma vibandiko vyote vya bei. Nuf alipochoka kushindwa, akabuni mchezo wetu wenyewe: yeye anaonyesha kitu cha mle ndani, mimi nakisia, madam, mama yake, anatoa jibu kutoka kwenye kochi. Madam hakujua bei ya mkate, lakini ya kochi aliijua hadi senti.

Siku hiyo Nuf alionyesha zulia, akaonyesha friji, halafu akamnyooshea kidole Mama.

"Na Rehema?"

Madam akacheka. "Yalla, kisia!"

Nilikuwa nimewasikia madereva wenzake Baba wakizungumzia pesa ambazo mabosi huzilipa ofisi za kuleta wafanyakazi. Nikapaza sauti, "Riyali elfu kumi na tano!"

"Ndiyo hiyo hiyo!" Madam akapiga makofi, Nuf akaigiza kengele. Nilirukaruka kwa furaha. Kumbe mama yangu alikuwa ghali kuliko friji! Nikamgeukia nione kama naye amefurahi.

Mama aliisimamisha pasi. Akaikunja ile kanzu taratibu, akaiweka juu ya nyingine.

"Madam," akasema, "hizo mliipa ofisi. Mimi sikuuzwa. Mkataba ukiisha, halas, sisaini tena."

Ilibaki miezi miwili. Madam alidhani ni hasira za siku moja. Alimwahidi nyongeza, kisha akamnunia, kisha akamwahidi tena. Kila alipoulizwa, Mama alijibu vilevile, "Sisaini, madam," akaendelea kuosha vyombo. Baba aliingiwa na hofu, maana ikama zetu, vile vibali vya kuishi, zilitegemea bosi.

"Mama Saumu, tutakwenda wapi?"

"Tafuta, Baba Saumu. Utapata."

Akatafuta, akapata kafili mwingine, bosi wa kutudhamini, Jeddah.

Mimi nililia, tena kwa sababu ya runinga. Chumba chetu huko, mtaa wa Al-Hindawiyah, kilikuwa na jiko, magodoro na kelele za mafundi wa orofa ya chini. Runinga, mafi, hakuna kabisa. Nilimnunia Mama mwezi mzima. Niliamini ametunyima kipindi kwa ukaidi wake tu, ulioanza siku ileile niliyoshinda.

Nilikuja kuelewa nikiwa sekondari, mwalimu wa historia alipofika kwenye minada ya watumwa. Nikaikumbuka kengele ya Nuf. Niliomba ruhusa, nikatoka nje nikalia kwa aibu, na sikumwambia mtu.

Juzi, baada ya simu ya jirani kunyamaza, nilimpigia Mama. Nikamwomba msamaha, miaka yote hiyo imepita.

"Unaomba msamaha wa nini?"

"Mbona hata hukunigombeza, Mama?"

"Ningekugombezaje? Uligeuka ukaniangalia unacheka, unadhani umenisifu. Ndipo nikaona nikisaini tena, utakua ukijua mama yako ana bei."