Bibi wa Kwenye Wimbo

Fundi cherehani alikuwa akipinda sketi ya mteja huku akiimba, kama kawaida yake, ule wimbo wa kale wa binti aliyekataa kuozwa kwa nguvu akavuka mto peke yake. Marehemu bibi yake alimwambia kwamba binti huyo alikuwa dada yake, tumbo moja. Fundi akaamini, hata mwanawe wa kwanza akampa jina la binti huyo wa kwenye wimbo.

"Wimbo wetu huo umeutoa wapi?" mteja akauliza. "Huyo alikuwa bibi yangu, mzaa baba. Kazikwa nyuma ya nyumba yetu."

"Haiwezekani, dada. Kazikwa kwetu."

"Basi kazikwa mara mbili. Na yule kinyozi wa jirani anasema yuko kwao."

Cherehani ikasimama. Ikiwa mteja anasema kweli, msichana wake amekua na jina la marehemu wa watu wengine, tena bila wenyewe kuombwa ruhusa.

Msichana mwenyewe akaingia na chai. Mteja alipomuuliza jina akatajiwa, aliinuka kwa heshima zote.

"Shikamoo, bibi!"

Msichana akamtazama mama yake. Mama akaitazama sindano.

Mteja akaomba wimbo urudiwe. Kwenye ubeti wa mto wanawake wote wawili wakalia, kila mmoja akimlilia wake, au labda yule yule.

"Mama," msichana akauliza baada ya mteja kuondoka, "kwani mimi ni nani wake?"

"Hata sijui, mwanangu. Akikuamkia tena, we itikia tu."