Inspekteri wa Benchi la Nyuma

Inspekteri wa shule hakuwa na haraka. Katika kila darasa alifuta benchi la nyuma kwa leso, akaketi magoti yakikaribia kidevu, akachonga penseli kwa wembe, taratibu, huku macho yakitembea ukutani. Mwalimu Émilienne aliijua sauti yake ya chini. Mwaka jana, hapa hapa katika mji wa Baraka, kwa sauti hiyo inspekteri alimwambia kwamba watoto wake wamekariri kitabu tu, hawajui kusoma.

Leo alimwita Ihirwe, msichana wa benchi la tatu, akamfungulia kitabu. "Mama," alimwambia mtoto huyo, "anzia mustari wa mwisho, panda juu." Émilienne akaishika meza. Ihirwe akasoma kutoka chini, mstari baada ya mstari, bila kukwama. Inspekteri akaita mwingine, na mwingine tena, mpaka nusu ya darasa ikawa imesoma na penseli imelala mapajani. "Mwalimu, hawa batoto banasoma kweli," alisema, akasikika hadi darasa la jirani. Émilienne alitaka kumshukuru, akaishia kucheka. Kengele ya mapumziko ikalia na hakuna aliyetoka. Inspekteri alikuwa amefungua ukurasa mwingine, akauliza nani bado hajasoma, na mikono yote ikainuka, hata ya wale waliokwisha kusoma.